Sauti Imetambuliwa na Baba Yake

Nkambo Ngoie, mama yangu, bibi wa watoto wetu, mkubwa wetu sote katika nyumba hii; kaka yangu Kabwe, uliyesafiri siku mbili kutoka Pweto juu ya lori, ukiwa umekalia magunia ya samaki wakavu; dada yangu Umba, ambaye watoto wangu wanakuita shangazi na kukuogopa kuliko wanavyoniogopa mimi; shemeji zetu wa Kasai, ndugu wa mke wangu; mke wangu Kapinga; ninyi wadogo zangu pamoja na wake zenu na watoto wenu; nanyi mlioko Mokambo, mnaotusikiliza kwa telefoni tuliyoiweka juu ya kiti, kama ilivyo desturi yetu kwa ndugu asiyeweza kufika: ninawasalimu kila mmoja mahali pake, na ninaomba ruhusa ya kusoma barua ambayo si yenu.

Ni barua ya mwanangu Ngoie, aliyeketi pale karibu na sanduku lake. Niliimaliza asubuhi hii. Barua ya baba kwa mtoto husomwa na mtoto peke yake. Hii nitaisoma mbele yenu kwa sababu kosa linalotajwa ndani yake nililitenda mbele yenu, katika chumba hiki, na siku ile sikuona haya kupaza sauti.

Mwanangu Ngoie, wewe ninayekuita mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu,

Leo saa tisa alasiri ndege itakupeleka Kinshasa. Juu ya maji ya kuchemsha, juu ya mwavuli, juu ya kutoka mapema ili msongamano wa magari usikucheleweshe, mama yako amekwisha kusema, akasahau kwamba amesema, akasema tena. Sitaongeza. Unakwenda kukaa meza moja na wanasheria wanaotayarisha pendekezo la sheria juu ya sauti na sura zinazotengenezwa na mashine, zile zinazomwonyesha mtu akisema au akitenda jambo ambalo hakulisema wala kulitenda. Wamekuita kwa sababu ya kazi uliyoiandika mwishoni mwa masomo yako ya sheria. Wengi wanajua kwamba kazi ile ni nzuri. Wachache wanajua kwamba uliianza ukiwa umefukuzwa nyumbani kwenu, na kwamba aliyekufukuza ni mimi.

Ninaandika nikiwa na furaha, uamini hivyo. Nyumba imejaa, bukari, ugali wetu, inasongwa, nkambo yako tangu alfajiri hajaacha kukuchokoza. Lakini sipendi uondoke na furaha hiyo huku jina lako likiwa bado chafu mahali ambapo sisi wenyewe tulilichafua. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nianze mbali kidogo. Niliingia kazi ya ukarani wa mahakama nikiwa na umri kama wako. Hapa Lubumbashi tunasema grefie. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza: mtu anasema, wewe unaandika, kisha unamsomea maneno yake, naye akikubali anatia sahihi. Watu wetu wanasema Kiswahili cha hapa, karatasi inataka Kifaransa, na katikati ya hivyo viwili umekaa wewe na kalamu yako, wala hakuna anayekutazama.

Katika mwaka wangu wa pili aliletwa mkulima mmoja wa Kasomeno, shahidi katika kesi ya baiskeli iliyoibwa. Alimtazama mshitakiwa akasema, “Nilimuona mutu sawa huyu.” Alikuwa na maana ya mtu anayefanana naye. Mimi, kijana niliyejivunia Kifaransa changu, niliona sentensi ile inachechemea, nikaandika kwa maneno mazuri kwamba shahidi alimtambua mshitakiwa. Saa ya kula ilikuwa imekaribia. Nikaruka kumsomea. Mkulima akatia dole gumba, akaenda zake.

Mshitakiwa alikaa gerezani wiki tatu kwa ajili ya sentensi yangu nzuri. Ilimpasa mkubwa wangu wa kazi, mzee aliyekuwa akisoma kila karatasi akiwa amesimama, aagize shahidi arudishwe na asomewe. Yule mkulima alishangaa kweli. “Miye? Sikusema namujua. Nilisema sawa huyu.” Mkubwa wangu hakunigombeza mbele ya watu. Tulipobaki wawili aliniambia tu kwamba nilikuwa nimemwazima yule mkulima mdomo wangu bila kumwomba.

Nakusimulia hili kwa sababu watu wanazungumza juu ya mashine hizi kana kwamba uongo wa aina hii umezaliwa jana. Mimi nilimtengenezea mtu maneno kwa kalamu ya wino, nikampeleka mtu mwingine gerezani, na sikuwa na nia mbaya hata kidogo. Nilikuwa na njaa na nilipenda sentensi zangu. Tangu siku ile, kwa muda wa miaka thelathini, sikuruka tena kumsomea shahidi. Ndani ya mahakama, nasema. Nyumbani sikuona kwamba ni lazima.

Na kuna kiburi kingine nilichokipata kazini. Kwa kusikiliza watu mchana kutwa nilijifunza kuzitambua sauti. Wanasheria walinitania: mtu alikohoa kwenye korido, mimi ndani nikamtaja kwa jina. Nilizoea kutokukosea. Mtu aliyezoea hivyo ni rahisi sana kumdanganya, kwa maana unahitaji tu kumletea kitu anachokijua vizuri.

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaishia, familia moja ya mtaa wetu ilikuja kuuliza habari zako kwa ajili ya kijana wao. Ulikataa kwa adabu, ukasema unataka kumaliza masomo kwanza. Niliona umejibu vizuri, nikasahau.

Wiki chache baadaye, siku ya Jumamosi, namba isiyojulikana ilimtumia mmoja wa wadogo zangu sauti ya dakika moja. Yeye akaileta katika kundi la familia kwenye telefoni, akiuliza kama ni kweli. Lilikuwa swali zuri, na hakuna aliyelijibu. Sote tulirukia matusi yaliyokuwa ndani. Ilikuwa sauti yako: namna yako ya kuvuta pumzi kabla ya neno refu, kicheko chako kifupi cha puani. Ilisema kwamba nkambo ananuka samaki wa Pweto hata siku ya misa, na kwamba baba yako aliijenga nyumba hii kwa rushwa ya ndugu za wafungwa.

Jumapili tukakutana hapa, watu hawahawa, isipokuwa nkambo, tuliyemwacha chumbani kwake, na kaka Kabwe aliyekuwa Pweto. Telefoni iliwekwa juu ya meza, sauti ikachezwa mbele yako. Shangazi yako Umba akageuka akaniuliza, “Grefie, hii iko sauti ya mutoto wako?” Nikasema ndiyo. Ndipo uliposimama. Hukulia, hukupiga kelele. Ulisema, “Sauti iko yangu, baba. Maneno haiko yangu.”

Nimesikia maelfu ya watu wakijitetea, mama, na nakuambia leo kwamba ule ulikuwa utetezi sahihi kuliko mwingi wao. Ulikubali kilicho kweli, ukakataa kilicho uongo. Kama ungekuwa mgeni mbele ya jaji, ningeinua kichwa na kuandika neno kwa neno. Lakini ulikuwa mtoto wangu, nami nilikuwa nimetukanwa mbele ya ndugu zangu. Nikakuambia ukae. Nikafungua kaye, daftari la mikutano yetu, nikaandika maneno matano: Sauti imetambuliwa na baba yake. Utetezi wako sikuuandika.

Siku ile nilikuwa shahidi, karani na hakimu kwa pamoja, na mlalamikaji pia. Hakuna mahakama hata ya kijiji ambayo ingekubali. Tukaamua kwamba hutakaa tena katika mkutano wetu, wala kula na nkambo, wala kulala katika nyumba hii, mpaka uombe radhi. Ulikataa kuomba radhi kwa maneno ya mtu mwingine. Ukachukua mfuko wako ukaenda Katuba kwa mama mdogo wako, nasi tukasema, tazameni, hata haya hana.

Sasa nifike kwenye upumbavu ambao nadhani ni wetu peke yetu. Tuliagiza kwamba mtu yeyote asithubutu kumsikilizisha nkambo maneno yale. Tulifanya hivyo kwa heshima. Mtu wa umri wake hachezewi matusi sikioni, na sikio lenyewe linahitaji kusogezewa kitu karibu. Basi, aliyetukanwa alikuwa mtu pekee katika ukoo mzima ambaye hakusikia tusi. Alipouliza uko wapi, tulimwambia uko katika mitihani. Mitihani ile ilidumu miezi mitano. Kila Jumapili aliuliza ni shule gani hiyo isiyochoka.

Nasi tulijua, kila mmoja wetu alijua, jinsi ninyi wawili mnavyoishi. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuita mke wake mdogo tangu ulipojifunza kutembea, kama babu wote wanavyowaita wajukuu wao, na kwa hiyo nkambo akakuita mke mwenza, nawe ukamwita vivyo hivyo. Mlianza kutukanana kwenye chai ya asubuhi. Yeye alisema unapika majani ya sombe kama mtu anayefua nguo. Wewe ulimwambia kwamba mume wenu alifariki akiita Ngoie, naye akakujibu kwamba hilo jina alilizoea kwake kabla hujazaliwa. Hujawahi kumwita nkambo. Wajukuu wengine wote, ndiyo. Wewe, hata siku moja.

Aliyefumbua jambo ni kaka yangu Kabwe, ambaye utanisamehe, kaka, nikisema hajui kuficha hata zawadi. Alikuwa amekuja kutoka Pweto, hakujua agizo letu. Asubuhi, nkambo akichambua maharage, kaka akamuuliza kama yule mtoto aliyemtukana amekwisha kuomba radhi. Nkambo akaweka chini ungo.

“Nani alinitukana?”

Kaka alitazama dari. Mimi nilijifanya natafuta miwani.

“Miye njo nilitukanwa, na miye njo nisisikie? Muniletee ile telefone.”

Tulimletea. Aliibana kwenye sikio la kulia, akasikiliza mara moja, akaomba tena. Mara ya pili mabega yalianza kumtikisika, nikadhani analia, nikasogea kumshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka maharage yakamwagika sakafuni.

“Huyu ni nani?” akasema. “Ananiita nkambo. Muke mwenza wangu aliniita nkambo siku gani? Alafu matusi yenyewe iko baridi. Ngoie anatukanaka vizuri.”

Nikachukua telefoni nikasikiliza mwenyewe. Mara tatu katika dakika moja sauti ile inasema nkambo. Masikio yangu, yaliyomjua mtu kwa kikohozi, yalikuwa yamesikia mke mwenza katika nyumba hii kwa miaka zaidi ya ishirini, na hayakushtuka. Nilikuwa nimepima sauti tu. Sikuuliza mtu huyu, mwenye sauti hii, husema nini na mtu yule. Kaka Kabwe alinitazama kwa huruma, kisha akashindwa kujizuia. “Grefie,” akasema, “ulizoea kufunga batoto ya bantu. Leo umefunga wa kwako.”

Nilikwenda Katuba siku ileile kwa miguu, kwa kuwa nilitaka muda wa kutafuta maneno. Nilifika bila kuyapata. Ulikuwa uani unaanika mashuka ya mama mdogo wako. Nikabaki nimesimama kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Hatimaye nilikuuliza kile ambacho mtu yeyote mwenye kazi yangu angekuuliza kabla ya yote: “Ngoie, ni wewe uliyesema maneno yale?” Jibu nilikuwa nalijua tayari. Lakini swali ndilo nililokuwa nimekunyima.

Ukasema, “Hapana, baba. Na leo njo mara ya kwanza munaniuliza.”

Kisha ukanipa ncha moja ya shuka nishike, kwa maana lilikuwa kubwa na lilikuwa linagusa udongo. Tulilikamua pamoja. Sijui kama ulikuwa umenisamehe dakika ile au ulihitaji tu mtu wa kushika upande wa pili. Sikuuliza, na sihitaji kujua. Nilirudi nyumbani mikono ikiwa imelowa, na wewe ukitembea kando yangu na mfuko wako, na nkambo alipokuona mlangoni akakuuliza kama umefaulu.

Aliyetengeneza sauti ile hakuwa mgumu kumpata. Alikuwa ametumia namba yake mwenyewe. Alikuwa kaka wa yule kijana uliyemkataa. Alichukua sauti zako ukisoma matangazo ya parokia, zile zilizotumwa kwa waamini kila Jumapili, akailisha mashine katika telefoni, akaiandikia maneno ya kusema. Nilimuuliza kazi hiyo ilimchukua muda gani. Alisema ni kama muda wa kungoja maji ya chai yachemke. “Ilikuwa mucheko tu, papa,” akaniambia. Nilitaka kumwona shetani, nikaona mtu mwenye aibu, aliyekasirika kwa niaba ya mdogo wake, na ambaye hakuwahi kufikiri kwamba neno likitoka linaendelea kutembea.

Unakumbuka siku tuliyokwenda kwa avoka, kwa wakili. Alitufungulia vitabu vyake kwa uvumilivu. Matusi, ndiyo. Kuharibu jina la mtu, ndiyo. Kusambaza uongo, labda. Lakini kwa kosa lenyewe, la kuchukua sauti ya mtu na kuilazimisha iseme asichokisema, alilazimika kuvuta kifungu hiki na kile, kama blanketi fupi. Alipofunika mabega, miguu ilibaki nje. Hukutaka yule aliyetengeneza sauti afungwe. Ulitaka aje mbele ya familia zote mbili aseme alichofanya, naye akaja, akasema, mama yake akiwa ameinamisha kichwa kando yake. Juma lililofuata uliketi kwenye meza ya chumba hiki, ukaendelea na kazi ile uliyoianza Katuba.

Kwa hiyo unakwenda kushona blanketi refu zaidi. Mimi si mwanasheria, mimi ni mtu aliyewaandikia wanasheria. Lakini kuna jambo moja nililoliona ambalo sijakusimulia, na nadhani litakusaidia siku mtakapobishana pale mezani.

Karibu na mwisho wa kazi yangu alikuja mama mmoja mpangaji. Mwenye nyumba alikuwa amemtishia mara nyingi, na safari moja mama huyo akamrekodi. Sauti ile ilikuwa ya kweli. Naisema kwa uangalifu, mimi niliyekosea yako, lakini jirani wawili walikuwa wamesimama pale akitishiwa. Mwenye nyumba alisikiliza mbele ya jaji bila kubadilika uso, akasema kwa upole, “Hii iko ya mashine, Mheshimiwa. Siku hizi banatengeneza kila kitu.” Basi. Jirani wale waliogopa, hawakuja. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na yule mama akahama. Nilipokuwa nakunja karatasi zake niliona kwamba woga wa sauti za uongo ulikuwa umempa mtu mkubwa mahali pa kujificha.

Fikiria hilo, mama, mtakapoandika. Anayeiba sauti ili kumdhuru mtu aadhibiwe, na aliyeibiwa asizungushwe miezi mingi akiomba iondolewe. Lakini msiandike kwa hasira yangu ya siku ile. Mkiandika kwa hasira mtaandika maneno mapana mno, na maneno mapana humkamata kwanza mchekeshaji anayeiga sauti ya mkubwa huku watu wote wakijua anaiga, kisha humkamata yule mama mwenye telefoni yake. Aliyerekodi kweli alindwe kwa nguvu ileile anayolindwa nayo aliyetengenezewa uongo. Namna ya kuliandika siijui. Najua tu kwamba nilimwona akiondoka.

Na jambo la mwisho juu ya sheria, ambalo linanihusu mimi kuliko wewe. Nimejiuliza mara nyingi kama sheria yenu ingekuwapo mwaka jana ingekuokoa. Ingemtisha yule aliyeitengeneza sauti, pengine. Ingetupa kifungu cha kumshitaki. Lakini hakuna kifungu ambacho kingeingia hapa Jumapili ile, kikaushika mkono wangu ulioshika kalamu, na kunigeuza nikutazame. Hilo lilikuwa juu yangu. Mtu aliyetengeneza sauti alifanya kazi ya muda wa chai. Miezi mitano iliyofuata tuliitengeneza sisi.

Makosa yangu mengine utayagundua mwenyewe, kila mtoto huyagundua akiwa mbali. Hili nimetaka ulisikie kwa mdomo wangu. Sikuombi usikosee. Unakwenda kufanya kazi na watu waliosoma kuliko mimi, nao watakosea kwa ufundi mkubwa zaidi. Nakuomba tu siku utakapokuwa na hakika kabisa juu ya mtu, hakika ile inayopendeza, ile inayokufanya uone huna haja ya kumsikia, umkumbuke baba yako ambaye hakukosea sauti kwa miaka thelathini.

Wiki iliyopita nilikuuliza tukupe nini cha safari. Nilidhani utasema sanduku jipya. Mama yako alikuwa amekwisha kulichagua. Ulifikiri kidogo, ukaniambia, “Bale balituma ile sauti, baseme na midomo yao kama ilikuwa ya bongo, ya uongo mutupu. Basi.”

Nilikujibu kwamba kaye ilisahihishwa zamani. Na ni kweli: juma lilelile uliporudi nilipiga mstari mmoja juu ya maneno yangu matano, nikaandika pembeni kwamba ni kosa, nikatia sahihi. Ulinisikiliza kwa heshima, ukaniuliza ni nani anayeisoma kaye ile. Anayeisoma ni mimi peke yangu. Masahihisho yamelala kabatini, na sauti ya uongo inatembea. Iko Mokambo. Iko Pweto, sokoni, kaka amenithibitishia. Siku moja itafika Kinshasa, na mtu ataicheza mbele ya meza ile unayokwenda kukaa, akitaka kujua ni mwanamke gani huyu anayetaka kutuandikia sheria.

Ndugu zangu, sasa nawageukia ninyi, na Ngoie atanivumilia.

Mimi mwenyewe niliituma kwa watu watatu. Hili sijalisema kwa mtu yeyote kabla ya leo, hata kwa mke wangu. Niliituma kwa mwenzangu mmoja wa mahakamani, ili anihurumie. Niliituma kwa shemeji yangu wa Kasai, ili aone kwamba siwafichi watoto wangu. Na niliituma kwa padri wetu. Ndiyo sababu, mama, hukuitwa tena kusoma matangazo, na hukuwahi kuniuliza kwa nini.

Kwa hiyo, nikiwa mwenyekiti wa mkutano huu, na baada ya kupata kibali cha nkambo Ngoie na cha kaka yangu Kabwe, natangaza uamuzi. Kila mmoja wetu aliyeituma sauti ile atampigia kila mtu aliyemtumia. Atapiga leo, kabla ya chakula, mbele ya wote. Hatatuma ujumbe wa maandishi wala sauti iliyorekodiwa. Atazungumza na mtu anayemjibu. Atamtaja Ngoie kwa jina, na atasema kwamba maneno yale yalikuwa ya uongo, kwamba aliyatuma bila kumuuliza mwenyewe, na kwamba anaomba yafutwe na asahihishwe kila aliyetumiwa baada yake. Akiulizwa maswali, asikate simu. Asiyempata mtu wake atajaribu tena mpaka ampate. Ndugu wa Mokambo, hili linawahusu hukohuko mliko. Na tangu leo, katika mkutano huu, hakuna mtu atakayehukumiwa kwa sauti wala kwa sura iliyoletwa ndani ya telefoni kabla ya yeye mwenyewe kuulizwa na kusikilizwa mpaka amalize.

Sifungi mkutano. Utafungwa na Ngoie, atakaporidhika kwamba wa mwisho amepiga, na akumbuke kwamba ndege ni saa tisa.

Naomba ukimya. Nampigia padri.